Redio Mbili Wadini

Ghassan aliziweka redio mbili juu ya kioo cha meza yake, akazitenga kama mtu anayeamulia ugomvi. Duka lake lilikuwa ndani ya souq ya Matrah, lile soko la kale, ukishawapita wauza ubani. Lilijaa saa za ukutani, na nyaya zilining'inia mpaka zikamgusa mteja kichwani.

"Haya, mwanangu Rahila," alisema. "Leseni yako nimeiona, haina kasoro. Redio za mkononi za bei ya mwanafunzi nnazo hizi mbili tu. Chagua."

Rahila hakunyoosha mkono. Alikuwa na desturi ya kukitazama kitu kimya kimya mpaka kitu chenyewe kianze kusema. Ya kulia ilikuwa mpya, imetoka China, ndogo kama kipande cha sabuni, kioo chake kinawaka rangi ya chungwa. Ilishika mawimbi ya namna mbili, ikakamata na stesheni za muziki, na utosini ilikuwa na taa ya tochi. Ya kushoto ilikwisha kutumiwa na watu. Nyeusi, nzito, imechunika pembeni, inashika wimbi la namna moja tu, na kioo chake kilikuwa kidogo kama cha saa ya mkono.

"Hii kongwe inakula nini?" aliuliza.

"Betri za tochi. Hata muuza mikate anazo. Hii mpya ina betri yake, unaichaji kama simu."

Nyuma ya Rahila alisimama Talal, mtoto wa ami yake, ambaye kwa miezi mingi alikuwa akimfundisha kwenye klabu ya redio ya ridhaa, ile ya watu wanaozungumza hewani kwa mapenzi yao, si kwa mshahara. Mtihani wa serikali Rahila alikwisha kuupita. Kilichobaki ni chombo.

"Mie simo," Talal alisema. "Nilishamwambia darasani: usinunue macho, nunua masikio."

"Na mie hapa nnauza nini, Talal? Pua?"

Talal alicheka. Rahila alitabasamu kidogo, kisha akauliza lile alilolijia.

"Ami Ghassan, naweza kuzichukua zote mbili nikazioneshe nyumbani?"

Katika souq ile mwanamke huweza kuchukua vitambaa vitatu akaenda navyo kwao, mkubwa wa nyumba akachagua kimoja, viwili vikarudi dukani bila mkunjo. Lakini redio si kitambaa, na Ghassan alikunja uso.

"Nani anataka kuziona?"

"Baba."

Uso ule ulikunjuka. Ghassan alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza la Saeed, nduguye Rahila. Alizifunga redio kwa gazeti, moja moja, akatia na betri mpya za tochi bila ya kuambiwa.

"Ikifika Jumamosi, moja irudi," alisema. "Au zirudi zote. Mwambie Marhoon nnamsalimu."

Marhoon, babake Rahila, alikuwa bado hajatoa ruhusa. Mwanzoni alisema haifai sauti ya mtoto wa kike kutembea hewani masikioni mwa wanaume asiowajua. Mkewe, Bi Masouda, akamwambia kwamba sauti za watoto wa kike zinasoma khabari kwenye televisheni kila siku na yeye ndiye anayeongeza sauti asikie vizuri. Hapo akaiacha hoja ile. Rahila aliyekuwa akisikiliza jikoni alijua kuwa ile haikuwa sababu yenyewe. Sababu ilikuwa Saeed.

Mwaka uliotangulia, kilipopiga kimbunga cha Gonu, Saeed alikuwa kazini hotelini Qurum. Mvua ilipozidi alishika njia kurudi kwao Bawshar pamoja na mwenzake wa kazi, Mkenya mmoja aliyeitwa Nahashon. Barabara ikawakatalia, wakaliacha gari, wakaenda kwa miguu mpaka kwenye wadi, lile bonde la mawe linalokaa kavu mwaka mzima mpaka siku ya kuua. Walijibanza chini ya jabali, penye jiwe kubwa, pahala ambapo maji yalikuwa yamepungua upana. Saeed alipiga simu nyumbani, akapiga tena, akapiga tena. Hakukuwa na mtandao. Akasema mama yake ana goti bovu, hawezi kupanda ngazi peke yake. Akavua viatu, akaingia.

Wakati ule Bi Masouda alikwisha kubebwa mgongoni na Marhoon mwenyewe, na wote walikuwa wamekaa ghorofani kwa jirani, wazima, wakiulizana Saeed yuko wapi.

Talal alikuwa amemshauri ami yake miaka mingi nyuma aingie klabu, yeye na watoto wake, waweke redio nyumbani. Marhoon alikuwa akimtania mbele ya watu: "Nyie watu wazima mnachezea simu ya upepo. Watoto huchezea vibiriti na uzi, bei rahisi zaidi." Watu wakicheka, na Talal naye akicheka. Baada ya msiba hakuna aliyekumbusha maneno yale, lakini siku moja Rahila alimsikia baba yake akimwambia mama yake, kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi, "Mie ndiye niliyemuua. Ningemsikiliza Talal, mtoto angepata khabari yetu, asingevuka." Mama alilia.

Basi leseni ya Rahila ilipokuja, Marhoon aliishika mkononi muda mrefu, kisha akatoa sharti.

"Utaniletea hiyo redio, nitakwenda nayo pale aliposimama ndugu yako. Nikimsikia mtu pale, inunue. Nisiposikia kitu, irudishe, na maneno ya redio yaishe katika nyumba hii."

Sharti lile lilimkosesha Rahila raha. Lisipotimia, angebaki na leseni ya karatasi. Na jambo hili alilitaka kuliko alivyopata kutaka kitu, kwa sababu lilikuwa ndilo pekee aliloweza kulifanya juu ya kifo cha nduguye. Na tena alijua mambo mawili ambayo baba yake hakuyajua. La kwanza, darasani walifundishwa kwamba redio ndogo haipenyi mlima. Sauti yake hupanda kwanza kwenye mtambo uliowekwa juu ya jabali, nao huirusha tena mbali, na asiyeuona mtambo ule hana chake. La pili, Marhoon hakuwahi kufika pale wadini. Nahashon alikuja siku ya tatu ya matanga, akaomba ruhusa aoneshe pahala penyewe, na aliyekwenda naye alikuwa Rahila, pamoja na Talal aliyebaki kwenye gari. Jiwe lile lilijulikana na Nahashon na Rahila tu. Na Nahashon alikwisha kurudi Kenya.

Alasiri ya Alkhamisi Talal alipanda juu ya dari ya nyumba ya kina Rahila na redio yake mwenyewe. Rahila na baba yake wakashuka wadini. Walikuwa wamekubaliana kuwa Talal ataita, kisha atasoma sura fupi ya Qul huwallahu mara tatu, kisha ataita tena, hivyo hivyo bila kukoma, ili wao wasije wakasema hawakusikia kwa sababu hakuita.

Njiani walipita pahala palipoinuka, palipotandazika kama baraza. Kutoka pale jabali la mtambo lilionekana lote, waziwazi, hata nguzo yake. Rahila alipunguza mwendo. Palikuwa na jiwe kubwa pia, jiwe kama jiwe lolote. Neno moja tu, "Hapa, baba," na kila kitu kingekwisha.

"Ndiyo hapa?" Marhoon aliuliza, maana alimwona amesita.

Rahila alilitazama lile jiwe.

"Siyo, baba. Ni chini zaidi."

Wakateremka. Bonde lilipinda, ukuta wa jabali ukawafunika, kivuli kikawaangukia. Jiwe lenyewe lilikuwa la kijivu, limelala upande, na chini yake changarawe ilikuwa kavu na safi kama iliyofagiwa. Rahila alisema, "Ni hapa," na Marhoon akavua kofia yake bila ya kujua kwa nini, kisha akaivaa tena.

Aliwasha kwanza ile mpya. Ilikoroma, ikatoa mivumo ya kukatika kama mtu anayegongagonga bati, yumkini kwa mnara wa simu uliokuwa nyuma ya nyumba za ng'ambo. Ilikuwa inasikia kila kitu isipokuwa binadamu. Walingoja. Marhoon alianza kusoma kwa midomo, Qul huwallahu ya kwanza, ya pili, ya tatu, apate kujua lini Talal ataita. Hapakutokea neno. Akasoma tena tatu. Mivumo tu.

Rahila akaizima, akawasha ile kongwe. Hii ilikaa kimya, kimya cha kisima. Marhoon akasoma tena. Mara ya kwanza alikuwa anasoma kuhesabu. Sasa sauti ilimtoka, ikapanda kidogo, na Rahila akatambua kisomo kile: hivi ndivyo watu wanavyosoma wakimsomea maiti. Mwaka mzima baba yake alikuwa hajamsomea Saeed mbele ya mtu. Makaburini alisimama na wenziwe, mdomo umefungwa. Rahila naye akasoma, kwa moyo, redio mkononi, na Talal huko darini, bila kujua, alikuwa akisoma nao.

Redio haikusema kitu.

"Labda imeharibika," Marhoon alisema mwishowe.

"Haikuharibika, baba. Ni pahala. Mlima umeziba."

"Zote mbili?"

"Zote mbili. Na ya Talal pia isingefika hapa. Hakuna ya mkononi ambayo ingefika."

Marhoon alikaa juu ya jiwe. Akakaa kama mtu aliyeshushwa mzigo na mabega yake bado hayajaamini. Rahila alijua kuwa ameshapoteza, kwamba kesho atazifunga zote mbili kwa gazeti lile lile.

"Basi hata ningenunua," baba yake alisema polepole. "Hata ningenunua zamani, nikampa mkononi mwake. Hapa asingenisikia."

"Asingekusikia, baba."

"Una hakika? Usinifariji, Rahila. Sitaki kufarijiwa."

"Ningetaka kukufariji ningekuweka kule juu penye lile jiwe la kwanza. Kule inafika. Usingejua."

Marhoon alimtazama binti yake kwa muda, kama anayemsoma upya. Akafuta uso kwa mkono wa kanzu.

"Twende nikaone," alisema.

Walipanda mpaka penye lile baraza. Ile mpya ilileta sauti ya Talal vipande vipande, imechanganyika na mwanamke anayeimba. Rahila akaizima, akainua ile kongwe, na hapo hapo Talal akasikika, safi, karibu, akitaja alama yake ya kuitia kisha alama ya Rahila, herufi na tarakimu alizopewa na serikali, ambazo hakuna mtu aliyepata kuziita hewani kabla ya siku ile. "Nakungoja. Nakungoja."

"Mjibu," Marhoon alisema. "Maskini, amechoka kuita."

Rahila akabonyeza, akangoja pumzi moja kama alivyofundishwa ili neno la kwanza lisikatwe, akataja alama zake. "Nakupata vizuri. Nipo na baba."

"Alhamdulillahi. Kule chini mlinipata?"

"Hatukukupata. Si kwa hii wala kwa ile."

Talal naye alijua sharti.

"Pole, Rahila," akasema. "Mwambie ami…"

Marhoon alimwashiria binti yake ashushe redio.

"Ile yenye taa irudishe kwa Ghassan," alisema. "Hii ikae. Na uwafundishe watu wa nyumbani kuwa kule chini haisemi, mtu apande kwanza. Umenisikia? Hilo ndilo la kuwafundisha, hata kabla ya kuwasha."

"Nimesikia, baba."

"Mie nnarudi chini kidogo. Usinifuate."

Alishuka peke yake, mkono mmoja juu ya jabali, mpaka kona ya bonde ikamficha. Rahila alibaki amesimama. Jua lilikuwa limeanza kulegea juu ya nyumba za Bawshar. Baada ya kitambo Talal aliita tena, akauliza kama bado wapo, kama waje kuchukuliwa na gari, kwani Bi Masouda ameshaanza kuuliza.

Rahila aliinua redio mdomoni.

"Tupo," alisema. "Mwambie mama asiwe na wasiwasi. Baba anamsomea Saeed. Tumngoje."