Sinia la Prudence

Reverien alipopiga simu kusema kwamba Aline anakula, Maximilla hakumshukuru Mungu. Aliuliza, "Anakula nini?"

"Chakula. Ugali, maharage, dagaa. Kinachopikwa."

"Kinachopikwa na nani?"

Reverien alikohoa. "Ulisema ana tumbo, nimekupigia ili ufurahi, Mama Aline."

"Nimefurahi," alisema Maximilla, akakata simu.

Hakufurahi.  Si kwamba alikuwa bado anamtaka Reverien. Mume alihama Kasulu akaenda kuishi Kibondo na Prudence, yule Mkongomani, na Maximilla alilia wiki nzima, kisha akabadilisha kufuli la mlango na kuendelea na kazi. Mume alimwachia Prudence. Lakini huyu mtoto hakuwa amemwachia mtu.

Aline alikuwa na miaka kumi na minne, yuko kidato cha pili. Mwanzoni mwa mwaka alianza kubakiza chakula. Alibakiza kidogo, kisha nusu, kisha ikawa anakaa mezani akichora mistari kwenye mchuzi kwa kidole mpaka ugali unapoa. Mashavu yakaingia ndani. Sketi ya shule ikawa inashikwa na pini. Maximilla alimpima minyoo, malaria, taifodi na vidonda vya tumbo. Hakuna kilichoonekana. Daktari akawapeleka kwa mshauri wa vijana, mama mmoja mpole aliyeitwa Niyubahwe, na Mama Niyubahwe akasema ni ugonjwa kama magonjwa mengine, ila umekaa kwenye mawazo; unatibika, lakini haraka haitasaidia. "Msimkazanie sana mezani," alisema. Maximilla aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeelezwa kazi yake mwenyewe.

Kwa sababu chakula ndicho kilichokuwa kazi yake. Alikuwa na stashahada ya lishe, na kila wiki alisimama kliniki mbele ya kina mama waliotoka Kitanga na vijiji vya jirani, akiwafundisha kupika uji wenye karanga na kuchanganya mboga. Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la sahani. "Kila mtoto awe na sahani yake," alikuwa akisema. "Mkila sinia moja, utajuaje wako amekula kiasi gani?" Kina mama waliitikia. Siku hizi wengine waliitikia huku wakitazamana, kwa kuwa walikuwa wamemwona Aline akipita na vibega vyake vilivyochongoka.

Aline mwenyewe ndiye aliyeomba kwenda kwa baba yake likizo ya Juni. Mama Niyubahwe aliona ni wazo jema. Maximilla alikubali, kwa sababu ambayo hakumwambia mtu. Alikuwa na hakika kwamba Kibondo nako mtoto hatakula. Anayekataa chakula cha mtu aliyekisomea, cha Prudence si atakitazama tu? Hapo Reverien angejua, na Prudence angejua, kwamba kasoro haikuwa kwenye nyumba ya Maximilla. Ndiyo maana hakuwaeleza lolote. Alifunga begi, akamwambia Reverien kwenye simu, "Ana tumbo. Msimwekee pilipili."

Na sasa anaambiwa mtoto anakula.

Aliomba ruhusa kazini, akapanda basi la asubuhi kwenda Kibondo. Hakumtaarifu mtu. Likizo ilikuwa bado haijaisha, lakini alikwenda kumchukua.

Alifika kwenye ua wa Prudence karibu na saa saba mchana, na kabla hajabisha hodi akasikia kicheko. Ilimchukua muda kukitambua. Kilikuwa cha Aline.

"Mama mdogo, umeficha karata chini ya paja. Nimeiona."

"Miye? Hii paja iko nene tu, haifichake kitu."

"Inuka, basi."

"Mutu wa heshima hainukake ovyo mbele ya watoto."

Mama mdogo. Maximilla aliusukuma mlango wa ua bila hodi.

Walikuwa watatu kwenye mkeka: Aline, Prudence, na Kudra, binti mdogo wa Prudence, aliyekuwa ameshika karata zake zikiwatazama wenzake. Prudence alikuwa mfupi, mnene, nywele amesuka upande mmoja tu, upande wa pili zimesimama. Hata kusoma hakufika mbali. Maximilla alimtazama toka juu mpaka chini na hakupata kitu cha kutamani, jambo ambalo lilimuudhi zaidi.

"Karibu, Mama Aline," Prudence alisema, akainuka, na karata ikadondoka toka kwenye khanga. Hakuna aliyecheka. Kicheko cha Aline kilikuwa kimeshazimika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwana wanje, mwanangu. Umenenepa."

Alitaka kulisema kwa upole. Lilitoka kama shutuma, na Aline akavuta mikono ya sweta mpaka ikafunika vidole.

Reverien alikuwa amekwenda Kasanda kununua maharage ya kuuza. Prudence hakusubiri kuambiwa kwamba mgeni ana njaa. Alileta sinia moja kubwa la bati: ugali wa muhogo katikati, maharage yaliyotiwa mawese pembeni, dagaa upande wa pili. Akamwagia kila mtu maji ya kunawa.

"Sogea, mama. Sahani ya mgeni iko, lakini sisi tunakulaka pamoja."

"Nitakula hapohapo mnapokula," alisema Maximilla.

Wakaanza. Kudra alikwenda moja kwa moja kwa dagaa. Prudence alikuwa anasimulia habari za jirani aliyeuza mbuzi wa mtu mwingine, akila na kuongea kwa pamoja, akiapa kwa tonge. Mkono wa Aline ukaenda kwenye ugali. Ukakata kidogo, ukachovya, ukapanda mdomoni. Ukaenda tena. Maximilla alisahau kula. Ni kweli, mtoto anakula, tena hovyohovyo, kama watoto wa watu. Akajikuta anahesabu matonge.

Aline akainua macho, akakutana na ya mama yake.

Mkono ulisimama ukingoni mwa sinia. Ukakaa. Kisha kidole kimoja kikaanza kuchora mstari kwenye mawese, taratibu, kwenda na kurudi.

"Nimeshiba," alisema Aline.

"Leo umeshibaka mbio," Prudence akashangaa. "Unaumwa?"

"Hapana, mama mdogo."

Kudra akalichukua tonge lililoachwa na kulila.

Maximilla alimfuata Prudence jikoni, akasimama mlangoni ili asipite mtu.

"Unamfanya nini mtoto wangu?"

"Namfanya nini vipi?"

"Kasulu hali. Ana miezi hali. Nimezunguka naye hospitali, nimepika kila kitu kinachopikika, nimempigia magoti. Anakuja kwako anakula kama mkulima. Umemwekea nini?"

Prudence aliweka sufuria chini. "Hali? Aline?"

"Usijifanye hujui."

"Miye sikujuwaka, mama. Reverien alisema ana tumbo, nisiweke pilipili. Nimeacha pilipili, na miye bila pilipili naona kama nakula karatasi." Alijifuta mikono kwenye khanga. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Kuna siku alikulaka kidogo kabisa. Siku ingine hakugusa. Niliona ni watoto tu, leo wanataka, kesho hawataki. Ningejua, ningeogopa. Ningemukazia macho toka asubuhi mpaka magaribi."

Maximilla alimtafuta uongo usoni na hakuuona. Angefurahi kuuona. Angefurahi hata kuambiwa kuna dawa, maana dawa angeichukia, angeichukua, angeipeleka mahali ikapimwe. Huyu mwanamke hakuwa na siri, hakuwa na ujuzi, hakuwa na kitu cha kubeba kurudi nacho Kasulu. Hakujua tu. Kutojua kwake ndiko kulikomlisha mtoto.

"Tunaondoka leo," alisema Maximilla.

Aline hakubisha. Aliingia chumba alicholala na Kudra, akavuta begi chini ya kitanda na kuanza kukunja nguo. Maximilla aliingia nyuma yake. Alikuwa amejiandaa kwa machozi, kwa ubishi, kwa mlango kufungwa kwa nguvu. Utii ule haukuwa na pa kushika.

"Utakula nyumbani?"

"Nitajaribu."

"Hapa hujaribu. Hapa unakula tu. Niambie kwa nini."

"Utakasirika."

"Basi nitakasirika. Niambie."

Aline alikunja blauzi, akaikunjua, akaikunja tena. Aliongea na blauzi.

"Kule ukiniwekea sahani, unaitazama. Nikibakiza, unanyamaza, halafu nakusikia unamwambia mama mkubwa kwenye simu. Nikimaliza, unafurahi sana mpaka nataka kutapika. Kila siku ni kama nafanya mtihani, mara tatu. Hapa kwenye sinia hakuna sehemu yangu. Hakuna anayejua nimekula au nimeacha. Nikishindwa, Kudra anamaliza, haiwi kesi."

"Kwa hiyo ugonjwa ni mimi."

"Sijasema hivyo. Hili jambo lilianza lenyewe. Mama Niyubahwe anasema hili halina wa kulaumiwa." Akaitia blauzi begini. "Ila ukiangalia, linakuwa kubwa."

Maximilla alikaa kitandani. Angeweza kujibu. Alikuwa na majibu mengi, mengine aliyafundisha. Lakini swali lililotoka lilikuwa jingine kabisa, na hata yeye aliona aibu lilipotoka.

"Unampenda yule?"

"Ananichekesha."

"Mimi sikuchekeshi?"

Aline alifikiri. Alikuwa mtoto wa kusema kweli, alirithi kwa mama huyohuyo. "Hapana, mama. Wewe unanipeleka hospitali."

Lilimchoma na hapohapo likampoza, na hakujua ashike lipi. Nje, Prudence alikuwa akimgombeza Kudra kwa kumaliza dagaa.

"Twende tu," Aline alisema, akifunga zipu. "Sitaki ukae kule peke yako, ukiweka sahani mbili."

Hapo ndipo Maximilla alipoliona begi vizuri. Mtoto huyu, ambaye mifupa ya viganja vyake ilikuwa bado inahesabika, alikuwa anarudi Kasulu kumtunza mama yake. Angekaa mezani na kujitahidi kumeza ili mtu mzima asilie. Na mtu mzima angemwacha ajitahidi, na angeita hiyo kupona.

Alifungua zipu. Akatoa blauzi, akatoa sketi, akazirudisha juu ya kitanda.

"Nani kakufundisha kukunja nguo hivi?"

"Mama mdogo."

"Hajui kukunja." Aliikunja blauzi upya, kingo kwa kingo. "Unabaki. Nitaomba uhamisho wa shule mpaka mwisho wa mwaka. Mama Niyubahwe atazungumza na mwenzake wa hapa, na utakwenda kila wiki, mvua inyeshe isinyeshe. Huko ndiko utakakopimwa uzito. Ukiona kizunguzungu, unasema, huvumilii. Hilo siyo ombi."

"Na wewe?"

"Mimi nina kazi."

"Utakuwa unakuja?"

"Nitakuja. Siyo saa ya kula."

Aline akaweka kichwa begani kwake. Kilikuwa chepesi mno. Maximilla alijizuia asikipime.

Nje alimkuta Prudence anamenya mihogo ya jioni kama mtu anayesubiri hukumu.

"Anabaki," Maximilla alisema. "Lakini sikiliza. Akila, usimwangalie."

"Sasa, mama, umeshaniambia. Haya macho nitayapelekaka wapi?"

 Kitu pekee kilichokuwa kinamsaidia mtoto katika nyumba hii kilikuwa ni kutojua, na Maximilla, kwa hasira zake, alikuwa amekimwaga sakafuni jikoni. Alisimama akatafuta kwenye kila alichosomea, na hakupata.

Prudence alikata kipande cha muhogo, akakitupa kwenye maji. "Nitamwangalia Kudra," alisema baadaye. "Ule iko mwizi wa dagaa. Kazi ya kumulinda inatosha macho mawili."

"Na uendelee kuongea."

"Kuongea?" Prudence akacheka kwa mara ya kwanza tangu jikoni. "Hiyo usiombe, mama. Hiyo utapata bure."

Maximilla hakucheka. Aliona kwa nini mtu angecheka, na hilo lilimchoma zaidi.

Mihogo ilikuwa imeshaiva alipochukua mkoba wake. Ilinukia vizuri, na yeye hakuwa amekula tangu asubuhi, kwa kuwa mchana alikuwa na kazi ya kutazama.

"Huli kwanza, mama?" Aline aliuliza toka mlangoni.

"Nitakula Kasulu."

Alitoka mwenyewe, akaurudishia mlango wa ua. Hakuwa amefika mbali aliposikia sinia likitua chini kwa kishindo cha bati, sauti ya Prudence ikimshutumu Kudra kwa wizi ambao ulikuwa bado haujafanyika, na kisha kile kicheko. Maximilla aliongeza mwendo kuelekea stendi, wivu ukimtembeza kama mtu anayesukumwa mgongoni, maana angepunguza hatua kidogo tu, angerudi kutazama.