Ndoo ya Kaka

Kaka yangu alifundisha chuoni kwa ndoo ya maji machafu ya mto. Aliwaketisha wanafunzi wa uuguzi, ufundi na biashara meza moja, na hakuna aliyepata alama mpaka wakubaliane namna ya kuusafisha mto ule.

Baada ya mazishi yake, mkuu wa chuo alitaka kila idara irudi kusoma peke yake. Mimi, mtunza maabara, nilichota maji ya mto nikaitua ndoo mezani, mbele ya wanafunzi wote.

"Dada, mwalimu hayupo," mkuu akasema.

"Mto upo."

Mwanafunzi wa uuguzi akamvutia yule wa ufundi kiti. "Kaa, bwana. Eti bomba jipya litatosha? Waambie wagonjwa wangu wanaoharisha."

Mabishano yakaanza.

"Haya, wamalize," mkuu akasema.

"Hawamalizi leo. Kaka aliwapa muhula mzima."