Kifutio Kilichokula Kwa Kalunde

Niliota usiku wa jana kwamba ramani ya ukutani katika darasa letu la jiografia ya binadamu inaniita kwa jina.

"Nyamizi," inasema, "njoo uone kitu hiki. Kinanitekenya."

Nikaenda. Juu ya mkoa wa Tabora palikuwa na kifutio cheupe, kikubwa kama mbuzi aliyeshiba, kinakula Kwa Kalunde. Kalunde ni bibi yangu, na kijiji chetu kinaitwa kwa jina lake kwa sababu nyumba yake ndiyo ya kwanza ukishuka barabarani. Kifutio kilikuwa kimeshamaliza shamba la karanga, kisima na banda la kuku. Kuku walikuwa wamekaa hewani kwa adabu, wanasubiri kuambiwa waende wapi.

Tangu muhula uanze sijawahi kunyoosha mkono darasani. Nikanyoosha.

"Samahani," nikasema, "hapo pana mtu."

"Watu sili," Kifutio kikajibu, mdomo umejaa. "Nakula nafasi. Hukusoma? Ukurasa wa kwanza kabisa: mahali ni nafasi yenye maana. Nimetafuta maana hapa, sikuiona. Kwa hiyo hapa si mahali, ni nafasi tu, na nafasi nimeruhusiwa."

"Sasa bibi yangu atakaa wapi?"

"Hatakuwa na wapi. Wapi ni ya watu wenye mahali." Kikacheua. "Nenda Ofisi ya Mahali ukatafute maana, uilete kabla sijafika mlangoni kwake. Nakula polepole, nina kiungulia."

Ofisi ya Mahali ilikuwa ndani ya droo ya meza ya mwalimu. Nikavua viatu, nikaingia. Ndani mna feni inayozunguka kinyume, mna na madirisha matatu, na kwenye kila dirisha kuna kibao: Bi Pa, Bi Ku, Bi Mu. Ni ndugu wa tumbo moja.

Nikaanza kwa Bi Pa, aliyekuwa na nyundo na msumari.

"Pataje," akasema.

"Kwetu ni..."

"Ishia hapo hapo. Umesema kwetu. Kwetu ni ku, mimi ni pa. Mimi nahusika na pale tu panapopigika msumari. Dirisha linalofuata!"

Bi Ku alikuwa amenipa mgongo, anatazama mbali.

"Kwenu ni wapi?"

"Kuleee," nikamwonyesha kwa midomo.

"Kule kupi? Kule ni kwingi."

"Kwa bibi."

"Kukoje?"

"Kuzuri."

Akafungua kabati. Karatasi zikamwagika hadi zikanifika magotini, na zote zimeandikwa kuzuri.

"Kila anayekuja hapa anasema kuzuri," akasema. "Nazifungia vitumbua. Hebu nenda kwa mdogo wangu, pengine atakuelewa."

Bi Mu hakuonekana. Alikuwa ndani ya mtungi.

"Humo kwenu mna nini?" mtungi ukauliza.

"Mna kitanda cha kamba. Mna sufuria mbili. Mna redio isiyokamata stesheni."

"Hivyo ni vyombo, mwanangu, mimi nakuuliza maana. Mwenzio juzi kaja na ugomvi wa mpaka wa miaka thelathini, ndugu hawazikani. Maana safi kabisa! Nikampigia muhuri papo hapo. Wewe huna hata ugomvi?"

Nikatazama vidole vyangu. Maana nilikuwa nayo. Nilikuwa nayo tangu utotoni, ila ni ya aibu, haisemeki mbele ya madirisha matatu na feni.

"Naona haya," nikasema.

"Basi ukaione haya kulekule," akasema Bi Ku.

"Palepale," akasema Bi Pa.

"Mlemle," ukasema mtungi, na droo ikafungwa.

Niko kwenye barabara ya vumbi iendayo Kwa Kalunde. Mbele yangu wamesimama wanaume wawili wenye vifua vipana. Niliwatambua mara moja, wapo kwenye sura ya tatu ya kitabu chetu, ile ya uhamaji. Mmoja ni Msukumo, kazi yake kuwasukuma watu watoke kijijini. Mwingine ni Mvuto, kazi yake kuwavuta waende mjini.

"We binti, mjini ni huku," Mvuto akanishika mkoba. "Kuna ajira, kuna hospitali, kuna chipsi mayai."

"Mimi narudi."

"Kurudi?" Akamgeukia mwenzake. "Kaka, kuna kurudi?"

Msukumo akapekua kitabu. "Kwenye mchoro hakuna. Mshale una ncha moja tu." Kisha akanishika mabega kwa upole wa mtu aliye kazini, akaanza kunisukuma nirudi nyuma. "Ukame," akawa ananong'ona kila hatua. "Uhaba wa huduma. Samahani, dada. Ukosefu wa ajira. Samahani sana."

Nikawaachia mkoba. Huyu akausukuma, yule akauvuta, wakaondoka nao kuelekea mjini, wamefurahi kama watu waliofuzu.

Sasa nyumba naiona. Kifutio kimeshamaliza ukuta wa nyuma na paa. Bibi amekaa mlangoni anachambua maharage, na kila mara Kifutio kinapopita anainua miguu kukipisha. Nakimbia, lakini nyumba haisogei. Katikati ya barabara amekaa mama mmoja na ungo wa karanga mapajani.

"Bibi!" nikaita.

Yule mama akalidaka neno hewani, akalimenya, akalitafuna.

"Mimi ni Umbali," akasema. "Usinikasirikie, mwanangu, ni sheria. Watu wakiwa mbali, maneno yanapungua. Kutoka chuoni kwako hadi kwa huyo bibi ni kilomita mia nane. Hilo nililokula nakusamehe. Linapita neno moja tu, kwa hiyo chagua vizuri."

Neno moja. Nikachagua shikamoo. Likafika kooni, likakaa.

Ndivyo lilivyonifanyia maisha yangu yote. Nilipokuwa mdogo sikuweza kuwaamkia wakubwa. Nilisimama mbele yao mdomo wazi, wao wakasema mtoto huyu hana adabu, nani kamlea. Bibi peke yake hakusubiri. Aliponiona tu mlangoni aliitikia, kana kwamba nimeshaamkia, ili nipite ndani bila kuulizwa kitu. Mchezo huo tuliucheza miaka kumi na mbili, na hakuna aliyewahi kuutaja.

Kifutio kikaweka meno kwenye fremu ya mlango. Mimi nimesimama, mdomo wazi, hakitoki kitu.

Bibi hakuinua macho kutoka kwenye maharage.

"Marahaba, mke mwenzangu," akasema. "Za masomo?"

Kifutio kikasimama. "Nani kamwamkia?"

"Mimi sijapitisha chochote," Umbali akasema, ungo mkononi. "Uniulize mimi!"

"Sasa bibi huyu anaitikia nini? Salamu haijafika, imeshajibiwa. Hii ni nini?"

Neno langu moja lilikuwa bado lipo. Nikalitoa kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo.

"Maana!"

Umbali akalitazama likipita, akainamisha kichwa kulipisha. Likafika mdomoni kwa Kifutio, nacho kikajaribu kulitafuna. Kililigeuza upande huu, kikaligeuza upande ule. Halikutafunika.

"Basi hapa ni mahali," kikasema kwa huzuni, na kikaanza kutapika. Kikatema paa. Kikatema ukuta, kisima, karanga mche kwa mche. Kuku wakashuka hewani mmoja mmoja, wakajikung'uta.

"Pole, mgeni," bibi akakiambia, akakisogezea kigoda.

Niliamka simu ikiita. Jua lilikuwa limeshapanda na wenzangu wa chumbani walikuwa wamekwenda kipindi cha kwanza. Nikapokea.

"Marahaba," bibi akasema kabla sijavuta pumzi. "Mke mwenzangu, wewe umesoma, hebu niambie. Nafagia tangu asubuhi, mgongo unaniuma. Uwanja mzima umejaa vitu vyeupe vidogovidogo, vimejiviringisha kama minyoo, ukivifinya ni mpira. Vimeanzia shambani kule, vikaja, vikaja, vikakomea mlangoni hapa."

Nikasikia ufagio unawekwa chini.

"Kama mtu alikuwa anafuta kitu," akasema, "akaghairi."