Amina Kumi na Nane

Mimi ndiye kiongozi wa maombi katika ushirika wetu hapa Uthiru, na wacha niseme ukweli kabla mtu mwingine hajanisemea: nilikuwa na sala moja tu. Niliitunga mwaka jana mshirika mwenzetu Hannah alipolazwa kwa presha, ikawapendeza watu, nikaihifadhi kwenye simu. Mgonjwa mwingine akitokea, nilibadilisha jina, nikaituma kwenye grupu ya WhatsApp, kisha nikarudi kugombana na wapangaji wangu kuhusu maji. Washirika nao walimwaga Amina zao chini yake. Kuomba kwenyewe, magoti chini, nani alikuwa na wakati?

Dalmas alipoanguka kwenye mjengo kule Loresho akavunjika uti wa mgongo, alipata sala hiyo hiyo. Dalmas ni fundi wa mawe, mtu wa Bungoma. Alikuwa akiketi nasi kila Jumatano kwa miaka sita, karibu na mlango, akiimba besi. Nilimtumia sala kila Jumatatu na Ijumaa, wiki tano mfululizo. Kumtembelea nikasema nitaenda, nitaenda. Mnajua hiyo "nitaenda" yetu inavyokuwa.

Nilienda hatimaye, tena kwa sababu nilikuwa na shughuli zangu mjini na hospitali ilikuwa njiani. Nilimkuta amelala chali, amekonda, miguu imetulia kimya chini ya blanketi. Aliponiona alicheka.

"Mama Becky! Umekuja! Hannah anaendeleaje?"

"Hannah? Hannah yuko sawa. Kwani?"

"Si ile sala ya juzi uliandika jina yake. 'Bwana, mguse Hannah.' Nikajua amezidiwa tena. Nimemwombea kila asubuhi."

Nilikuwa nimesahau kubadilisha jina. Watu kumi na wanane walisoma, wakaandika Amina, na hakuna hata mmoja aliyeona. Aliyeona ni yule mwenye kuhitaji sala, naye akadhani mwenzake ndiye anayeumia.

"Hapa usipokuwa na tumaini utaoza," aliendelea. "Daktari amesema sitatembea. Sawa. Lakini najua mahali naenda, na huko nitatembea, kwa hivyo sina haraka. Ndiyo maana nawaombea nyinyi wote, maana tutakuwa huko pamoja. Na siku nikishindwa kuomba najiambia, Dalmas, pumzika, watu wa Uthiru wanaomba. Hiyo ndiyo imenishikilia."

Ningenyamaza, ningetoka pale nikiwa mtumishi wa Mungu. Na nilitaka sana kunyamaza.

"Dalmas," nikasema, "mimi sijakuombea. Hata siku moja. Nilikuwa nabadilisha jina tu, natuma."

Aliniondolea macho, akayaelekeza darini. Nilitamani anitukane, ningekuwa mimi, ningetukana.

"Na wale wengine?"

"Sijui. Nafikiri ni kama mimi."

Machozi yalimtoka pembeni mwa macho yakateremka hadi masikioni, na hakujisumbua kuyafuta. Nimejutia mambo mengi maishani, lakini hili nitaenda nalo kaburini: mtu aliegemea maombi ambayo hayakuwepo, na mimi ndiye niliyemwambia yapo.

"Basi niombee sasa," alisema baadaye. "Kwa mdomo. Nisikie."

Nikaushika mkono wake, bado mgumu kwa sugu za nyundo. "Bwana," nikaanza, "niko hapa na Dalmas. Mkumbuke yeye na mke wake..."

Nikakwama. Miaka sita.

"Anaitwa nani?" nikauliza, macho chini.

"Nasimiyu."

"Na watoto?"

Akanitajia polepole, mmoja mmoja, akisubiri kila mara nilitaje jina mbele za Mungu kabla hajanipa lingine.