Mayige Yumo Ndani

"Usimfute baba!" Ng'washi alinidaka mkono kabla haujafika kwenye kibodi. "Mama, usimfute!"

"Baba yako tumemzika Shishiyu. Hapa nafuta akaunti."

"Si ndiyo yenye jina lake?"

"Jina lake liko kwenye msalaba. Niachie mkono."

Mama mkwe wangu alikuwa kwenye kiti cha wateja, kibuyu cha maziwa mapajani. Tangu binti yangu ampelekee habari kwamba marehemu mume wangu Mayige bado anaonekana kwenye kompyuta ya steshenari yetu hapa Bariadi, bibi huyu hakosi. Kila alasiri anaingia, anaiamkia mashine, "Mwadila, Mayige," kisha anamimina maziwa kidogo kwenye kifuniko pembeni ya printa. Wateja wanadhani tunafuga paka.

"Mwache mwanangu akae humo," alisema. "Anakukosea nini?"

"Mayu, mama yangu, feni ya kompyuta inalia kama mashine ya kusaga na sijaipa kazi yoyote. Anafanya nini humo?"

"Anatembea."

Mume wangu ndiye aliyetuwekea mfumo wa Linux, baada ya virusi kula mitihani ya watu tuliyokuwa tunaichapa. Alituambia Linux haishikwi na virusi, nasi tukapokea neno hilo kama sala. Hatukusasisha kitu, hatukuuliza kitu. Yeye alikuwa akifanya kazi Maswa, kwa hiyo aliacha njia ya kuingilia kutoka huko, printa ikigoma airekebishe. Jina la kuingilia: mayige. Nywila: mayige. "Nani atahangaika na Bariadi?" alisema akicheka.

Wiki iliyopita ndipo nilipoanza kuuliza mtandaoni maswali ya mtu mgeni. Linux inahitaji nywila ngumu? Nitajuaje nani yumo ndani? Nikajibiwa: iulize mashine yenyewe, andika who, yaani nani. Niliandika. Yakatoka majina mawili. La kwanza langu, niliyekaa hapo. La pili mayige.

Ndipo ugomvi ulipoanza. Humo kuna nakala za vitambulisho na hati za mashamba za watu kutoka Maswa hadi Kalemela. Humo humo kuna sauti ambazo Mayige, akiwa mgonjwa, alimrekodia binti yake, na Ng'washi hajawahi kuzihamishia kwingine.

"Ukimfuta, sauti zinakwenda naye," alisema, sasa analia.

Kabla sijamjibu, maneno yalijiandika kwenye skrini. Mikono yangu ilikuwa mapajani.

*Mwadila Wilhelmina. Usinifute.*

Feni ilinyamaza. Mama mkwe alisimama, maziwa yakamwagika kwenye vitenge vyake, wala hakuyatazama. "Ameongea," alinong'ona. "Mayige, baba, tupo."

Ng'washi alinikumbatia kwa nyuma. Nilisikia moyo wake ukinigonga mgongoni. Nami, nisiseme uongo, nilitaka kumjibu.

Nikasoma tena. Wilhelmina.

"Ng'washi, baba yako alikuwa ananiitaje?"

"Mama Ng'washi."

"Aliwahi kuniita Wilhelmina?"

"Hata siku mlipogombana, hapana."

"Hilo jina liko kwenye kitambulisho changu tu. Na kitambulisho changu kimo humo."

"Na 'mwadila' je? Mgeni ataijuaje?"

Niliinua macho. Juu ya skrini, kamera yenye kinasa sauti, tunayopigia picha za pasipoti, ilikuwa inawaka taa ya kijani. Hakuna aliyeiwasha. Kila alasiri bibi anasalimia mbele yake. Na sisi tulikuwa tumepiga kelele mbele yake: usimfute, usimfute.

Nilichomoa kamera, nikachomoa waya wa intaneti. Nikaandika who.

mayige bado alikuwepo.

"Umeona?" mama mkwe aliuliza taratibu. "Umekata waya, hajaondoka."

Nilikuwa nimesoma kwamba mashine huchelewa kutambua mgeni ametoka. Nilijua. Hata hivyo nilisogeza kiti nyuma.

"Mayu, mwanao hahitaji nywila kuja kwako. Huyu ni mtu hai, ana macho, na amekaa nasi humu akitusikiliza. Mtu aliyeingia kwa ufunguo wa mwenye nyumba, hujui amefungua madirisha mangapi. Kufuta jina hakutoshi. Nafuta yote."

"Yote?" Ng'washi aliniachia.

"Chukua sauti. Sauti tu, usibebe kingine. Watu nitawapigia mwenyewe niwaambie nakala zao zimeonekana."

Alichomeka flashi, akazihamisha moja moja. Hakufungua hata moja. Alipomaliza alichomoa, akaifunga kwenye ncha ya khanga.

Nilichomeka flashi ya kusakinishia mfumo mpya, nikawasha mashine upya. Skrini ikauliza kama nina uhakika wa kufuta diski nzima.

Mama mkwe aligeuza uso ukutani. Nikabofya ndiyo.