Laki Nne za Asmaa

Watu wa mtaa wa Shika Adabu waliokuwa na kitu cha kuweka hawakwenda benki. Walikwenda kwa Bi Mwanasaumu. Hati za kiwanja, dhahabu za harusi, pesa za mabati, vyote vililala ndani ya kasha lake, na hakuna aliyeandikiana naye hata mstari. Kwa miaka ishirini hakikupotea kipini. Jina hilo ndilo mali pekee aliyokuwa nayo, maana mahamri aliyouza kivukoni hayajamtajirisha mtu.

Sasa jina lenyewe lilikuwa ukingoni, na aliyelisukuma ni yeye mwenyewe.

Asmaa, shoga yake wa Tanga anayeuza vikoi, alimwachia laki nne za Kenya, akiba ya kununulia kiwanja Mtongwe. Mwingine angefunga kasha akalala. Mwanasaumu hakuumbwa hivyo. Kwa kuwa huagiza leso kutoka Tanga, alizoea kuandika kwenye kalenda ya ukutani shilingi moja ya Kenya inanunua ngapi za Tanzania. Mwaka 2020 ilinunua ishirini na tatu. Miaka miwili baadaye, kumi na tisa. Januari ya 2024 ilikuwa imeporomoka hadi kumi na tano na nusu, na kila mtu pale kivukoni akiapa kwamba itafika kumi. Akaona pesa za mwenziwe zinayeyuka kashani naye anatazama tu. Hakumuuliza mtu. Alikwenda mpakani Lunga Lunga, akazibadilisha zote, akarudi na milioni sita na laki mbili za Tanzania, huku njia nzima akitabasamu peke yake.

Kimbelembele hakina dawa. Februari haijesha, shilingi ya Kenya ikainuka kama mgonjwa aliyesikia harufu ya pilau. Kumi na saba na nusu. Mwanasaumu akajiambia itaanguka tena, akangoja. Machi ikafika kumi na tisa. Kila alfajiri aliifungua simu kwa jicho moja. Ramadhani ikaingia, naye bado anangoja.

Kumi la mwisho, Asmaa akapiga simu. Anakuja Alhamisi, na mwenye kiwanja anataka laki nne kamili siku hiyo hiyo, la sivyo atamuuzia mwingine. Mwanasaumu aliitikia inshallah. Kesho yake alirudi Lunga Lunga. Waliokuwa wakibadilisha pesa walitaka ishirini za Tanzania kwa shilingi moja, akatoka na laki tatu na elfu kumi. Elfu tisini hazikuibwa wala hazikuliwa, lakini hazikuwapo.

Jumatano baada ya alasiri alifungua kasha. Palikuwa na bahasha ya Charo, kibarua wa jirani, elfu tisini na tano za kuezekea nyumba, na Charo haji kuzitaka mpaka baada ya mvua. Mwanasaumu aliishika. Aliulegeza uzi wake. Ndipo akaogopa kweli, kuliko alivyoiogopa ile kalenda, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vimekwisha kuanza kuhesabu. Akairudisha, akalifunga kasha na kulikalia.

Asmaa alifika Alhamisi adhuhuri, furaha imemjaa. Alikipokea kifurushi cha pesa na kukitia mkobani bila kukifungua, akiulizia watu wa nyumbani. Ingetosha kunyamaza. Huko mbele Asmaa angeweza kudhani amechomolewa safarini. Mwanasaumu akaushika ule mkoba.

"Hesabu, shoga yangu," akasema.

"Mimi nawe tuhesabiane tangu lini?"

"Hesabu. Zimepungua."

Akamweleza yote, mpaka ile bahasha ya Charo. Asmaa alihesabu mara mbili, taratibu, noti juu ya noti. Kisha akampigia mwenye kiwanja kumwomba wiki mbili. Mtu yule hakutoa hata siku moja.

"Mbona hukunipigia simu?" Asmaa akauliza. "Simu moja tu."

Mwanasaumu alikuwa na majibu mengi aliyoyatunga usiku kucha, na yote yalikuwa mazuri. Akayaacha yote.

"N'litaka ukija nikupe zaidi ya ulizoniwekesha," akasema. "N'litaka unisifu."

Asmaa hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Mwanasaumu zaidi.

"Elfu tisini nimekusamehe," Asmaa akasema, "duniani na akhera. Wallahi sikudai."

Mwanasaumu akaachia kilio alichokuwa amekizuia tangu Februari. Aliposhusha pumzi akainuka, akalifungua kasha, akanyoosha mikono kuzipokea zile laki tatu na elfu kumi, azihifadhi mpaka kipatikane kiwanja kingine.

Asmaa alikuwa tayari amezitia mkobani na anavaa viatu.

"Hizi ntakwenda nazo," akasema.