Bomba la Antena

Kona ya dari ya chumba cha mama mkwe wangu, Mama Adoyo, ilianguka wakati wa masika. Tunaishi Mkolani, na mafundi hawakosekani. Wa kwanza alitazama, akasema anafuata ngazi. Mpaka leo hajarudi. Wa pili alipigilia bodi mpya, nzuri, na mvua iliyofuata ikailowesha ikalainika kama ugali. Simlaumu sana. Alitaka kung'oa bomba la antena lililopita darini, Mama Adoyo akamkatalia.

Bomba hilo la chuma alilisimika marehemu mume wangu, Otuoma. Alitoboa bati na dari akalipitisha, ili waya wa antena ushuke hadi kwenye redio iliyo kando ya kitanda cha mama yake. Bila hilo, stesheni ya Kijaluo ya ng'ambo ya ziwa haishikiki. Jioni hutangaza misiba, na Mama, ambaye macho yake yamefifia, hujulia hapo nani wa ukoo wake amefariki. Lakini maji nayo yalifuata bomba hilohilo.

Fundi wa tatu, Shimba, alipanda juu ya bati kabla ya kugusa dari. Aliposhuka alichuchumaa mbele ya Mama.

"Shikamoo, mama. Maji yanaingilia kwenye bomba. Inabidi litoke pale."

"Marahaba. Bomba haling'oki."

"Dari itakuangukia kichwani."

"Kichwa changu ni kigumu. Cha Kijaluo."

"Hilo nimeshaliona," Shimba akasema, na Mama akacheka kidogo. "Je, nikilihamishia nje, ukutani?"

"Redio isiposema?"

"Nitalirudisha lilipokuwa. Dari siifungi mpaka utakaponiambia wewe."

Mama akanyoosha mkono kunionyesha nimpe fundi chai.

Shimba alilitoa bomba taratibu, akaziba tundu kwa kipande cha bati na lami. Kazi ya bati iliisha mapema, lakini hakuondoka. Jioni alipanda ngazi nje ya dirisha, akawa analizungusha bomba ukutani huku Mama ametega sikio kwenye redio.

"Bado," Mama alisema. "Bado. Rudi ulikotoka. Hapo, hapo. Usitikisike."

Sauti ikaingia, safi. Mtangazaji alikuwa ameanza kusoma majina ya waliofariki. Mama akainua kiganja, tukanyamaza wote.

Nilitoka nje nikamkuta Shimba amekumbatia bomba kwa mkono mmoja, nyundo kwenye mkono wa pili, misumari mdomoni. Angegonga mara chache tu angeshuka. Lakini hakugonga. Alisubiri mpaka majina yakaisha na wimbo ukaanza.

Ndipo akaitoa misumari mdomoni, akauliza dirishani kwa sauti ya chini, "Mama, kuna wa kwenu?"

"Leo hakuna."

"Basi nigonge?"

"Gonga, mwanangu," Mama akasema. "Halafu kesho uje unifungie dari."